Hema Ufukweni, Spika Usiku Kucha: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote zinauliza jambo moja: namna ya kulala kwenye hema wikiendi nzima pale muziki wa kielektroniki unapopigwa nje, pwani, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Wengi wanaelekea Bagamoyo, wachache wanajipanga Tanga. Tumechagua barua nane na kuzifupisha.

Tuko wanne, tuna hema mbili. Tungependa kulala karibu kabisa na maji ili tuamke tunaiona bahari. Kuna ubaya?
*Msomaji, Tegeta*

Ubaya upo, na unakuja saa kumi alfajiri. Kwenye pwani yetu maji ya bamvu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja hivi, alfajiri na jioni, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na vilevile baada ya mwezi mpevu. Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufukwe wa Bagamoyo nao ni bapa. Ukifika saa nne asubuhi unayakuta maji yamekimbia mbali, mchanga umetandazika kama uwanja wa mpira, na unapiga hema kwa amani mahali ambapo baada ya muda wa saa sita kutakuwa na maji ya kiunoni. Waandaaji hupenda kuweka tamasha kwenye mwezi mpevu kwa sababu ya uzuri wake, kwa hiyo uwezekano wa kukutana na bamvu ni mkubwa. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hali ni nyepesi zaidi: tofauti ni ya mita moja hivi, na maji hujaa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kumbukeni pia kwamba kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ya Ijumaa siyo ya Jumapili.

Mkifika, tafuteni mstari wa mwani mkavu na vijiti vilivyoachwa na maji. Mara nyingi iko mistari miwili: wa chini ni wa jana, wa juu ni wa bamvu. Hesabuni hatua 15 kutoka ule wa juu kwenda bara. Pale mimea ya kutambaa ilipoota na kushika mizizi, maji ya kawaida hayafiki. Na kama kuna mvuvi anatengeneza wavu jirani, msalimuni na mumuulize. Jibu lake lina thamani kuliko programu ya simu.

Jambo la pili ni upepo, na hapa ndipo watu wengi hukosa usingizi bila kujua sababu. Muziki husafiri na upepo. Upande unaopuliziwa, mawimbi ya sauti huinamishwa chini na kusikika mbali sana. Upande upepo unakotoka hupindishwa juu na kupita hewani. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, Aprili hadi Oktoba hivi, pigeni hema upande wa kusini wa jukwaa. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, hamieni upande wa kaskazini. Umbali nao unasaidia: kila unapoongezeka maradufu, sauti hushuka takriban desibeli 6. Iliyo 100 ukiwa mita 10 kutoka kwenye spika itakuwa kama 82 ukiwa mita 80. Msidhani nyuma ya jukwaa ni kimya. Nyuma hupunguza sauti kali za juu tu, ilhali besi husambaa pande zote.

Mti wa kulala chini yake ni mvinje. Mnazi hapana, hata kama ndio wenye kivuli kizuri kuliko yote: nazi moja kavu ina uzito wa kilo na zaidi, na makuti makavu huanguka bila upepo. Msikae ukingoni mwa mikoko pia, mbu na visubi ni wengi mno jua linapozama. Vyoo viwe umbali wa mita 50 hivi, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwao.

Hema letu liling'oka mchana upepo ulipoongezeka, ingawa tulipigilia vigingi vyote. Tulikosea wapi?
*Msomaji, Raskazone, Tanga*

Hamkukosea kupigilia, vigingi ndivyo visivyofaa. Vinavyokuja na hema ni vya waya, sentimita 15 hadi 18, vimetengenezwa kwa udongo wenye majani. Mchanga mkavu hauna cha kuvishika.

Chukueni viroba sita vitupu vya kilo 10 kwa kila hema. Havina uzito mkobani. Jazeni mchanga, fungeni mdomo, kisha fungeni kamba katikati ya kiroba. Chimbeni shimo la sentimita 40, lalisheni kiroba kikiwa kimekingama dhidi ya upande kamba inakovuta, na mchimbe kamfereji kembamba ili kamba itoke kwa mlalo, si wima. Ikitoka wima itakinyanyua kiroba. Fukieni, mwagieni ndoo ya maji ya bahari, kanyageni vizuri. Mchanga uliolowa hushikana. Viroba vinne ni vya pembe, viwili vya kamba za upande wa upepo. Kama hamna viroba, kipande cha mti cha sentimita 30 kikizikwa vivyo hivyo kinashika.

Upepo wa baharini huongezeka kuanzia saa tano asubuhi na kufikia kilele alasiri, basi kazi hii imalizike kabla. Upande mwembamba wa hema ndio uelekee upepo, mlango uwe pembeni. Msiliache hema tupu: dumu moja la maji ndani, upande wa upepo, hulituliza. Kamba za nailoni hulegea zikipata umande, kwa hiyo zikazeni tena jioni kabla hamjaenda kucheza.

Kila nikitoka kwenye muziki mkubwa masikio yanapiga mlio hadi kesho yake. Je, usiku mbili mfululizo zitaniumiza? Na nitalalaje?
*Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

Mlio huo ni onyo kwamba chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zimechoshwa. Zikifa hazirudi tena, hazioti upya kama ngozi. Kipimo cha usalama kinachofuatwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, 97 kwa nusu saa, 100 kwa robo saa. Mbele ya jukwaa 100 ni jambo la kawaida. Ndiyo, usiku mbili zinaweza kukuumiza.

Nunua vizibo vya masikio vya sponji, jozi nne, kwa sababu vikishika mchanga havifai tena. Kivingirishe kizibo kwa vidole hadi kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie kwa sekunde 30 kivimbe. Wengi hukiacha mlangoni tu mwa sikio na kusema hakisaidii. Kama unaweza kutumia zaidi, vipo vya wanamuziki vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa, na muziki unabaki muziki. Pamba haizuii chochote cha maana. Kila saa moja, toka ukakae mbali kwa dakika 10 au 15.

Kuhusu usingizi, jua likichomoza upande wa baharini, kufikia saa mbili asubuhi hema halikaliki kwa joto. Anayekwenda kulala saa kumi na mbili asubuhi ana saa mbili tu. Mpango unaofaa ni kugawa: lala kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, wakati madijei wa mwanzo wanapasha moto uwanja, kisha lala tena kuanzia saa kumi alfajiri. Tundika turubai juu ya hema likiwa na nafasi ya sentimita 30 ya hewa, na lishuke zaidi upande wa mashariki. Turubai lililogusa hema linapitisha joto lote.

Ni maji kiasi gani na chakula gani kwa watu wanne? Mimi ndiye nimepewa jukumu la jikoni.
*Msomaji, Muheza*

Dada, anza na maji, maana visima vingi vya pwani vina chumvi. Hesabu siku mbili kamili. Kunywa, lita 4 kwa mtu kwa siku: jumla 32. Kupika na vyombo, lita 3 kwa mtu: jumla 24. Hiyo ni lita 56, yaani madumu matatu ya lita 20 ya maji safi. Kuoga, madumu mawili ya maji ya kisima yanatosha wanne wakioga kwa kopo. Weka alama madumu ya kunywa yasichanganywe.

Anayecheza kwa muda wa saa tano kwenye joto hutoka jasho lenye chumvi, na kumimina maji matupu lita baada ya lita humletea kichwa kuuma na kichefuchefu. Beba pakiti sita za chumvichumvi ya dukani (ORS, dawa ya kuchanganya na maji). Pakiti moja kwa lita moja. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta. Usizidishe chumvi.

Chakula, tunakusihi uache wali wa nazi nyumbani. Tui huchacha haraka, na chakula kilichopikwa kikikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 hakistahili kuliwa baada ya saa moja. Ijumaa usiku leni chapati na samaki wa kukaanga mkavu. Jumamosi asubuhi maandazi yasiyo na tui, chai na mayai ya kuchemsha. Mchana pika wali mweupe, nusu kilo ya mchele kwa wanne, na dagaa wakavu wa kukaanga na nyanya, uishe hapohapo. Usiku nunueni uwanjani, watu watakuwa na njaa saa nane na hakuna atakayetaka kupika. Jumapili mihogo ya kuchemsha na karanga. Na wewe uko Muheza: kama ni msimu, beba machungwa 30.

Chupa za maji za lita moja na nusu zigandishe usiku wa Alhamisi, zitumike badala ya barafu; zikiyeyuka mnakunywa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unazidi mahitaji lakini ndio mdogo unaopatikana kirahisi. Ulizeni kwanza kama uwanja unauruhusu, kwani viwanja vingi hukataza moto karibu na mahema. Jiko, liwe la gesi au la mkaa, lisiingie ndani ya hema hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu usingizini. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, basi fungasha kwenye vikapu.

Pawa benki yangu ni ya mAh 20,000 na simu ni ya 5,000. Inajaza mara nne?
*Msomaji, Kibaha*

Haifiki. Namba hiyo hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, na kupandisha umeme hadi volti 5 kunakula sehemu yake. Tarajia mara mbili na nusu hadi tatu. Uwanja wenye watu wengi mtandao hulemewa, na simu inayotafuta mnara bila kuupata inamaliza chaji upesi, kwa hiyo iweke kwenye hali ya ndege na mpangiane saa na mahali pa kukutana kabla hamjatawanyika. Pawa benki usiiache ndani ya hema mchana.

Binti yangu ana miaka 20 na anataka kwenda Bagamoyo na wenzake kwenye huo muziki wa mashine. Nimruhusu? Ni muziki gani hasa, na nimpe nini cha kujikinga?
*Mama, Ngamiani, Tanga*

Shikamoo mama. Kuruhusu ni kwako; sisi tunaweza kukueleza hali ilivyo.

Muziki wenyewe ni wa kuchezwa, uliotengenezwa kwa mashine za ngoma na kompyuta. House ulizaliwa Chicago na techno Detroit, miaka ya 1980, mikononi mwa vijana Weusi wa Marekani. Amapiano ni wa Afrika Kusini. Singeli ni wa hapa kwetu, umetoka mitaa ya uswahilini Dar es Salaam, na kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika, ilhali house hukaa kwenye 120 hadi 130. Kwa hiyo usiku wa singeli ndio unaochosha mwili kuliko wote.

Safari: kutoka Tanga wanapita Segera na Wami, wanashuka Msata na kuingia barabara ya lami ya Msata–Bagamoyo. Waondoke asubuhi ili hema lipigwe mchana. Mwambie walale wasichana wawili au watatu pamoja, hema lao liwe katikati ya mengine na si pembezoni, na asiende chooni wala ufukweni peke yake usiku. Kinywaji alichokiacha mezani asikirudie. Kuogelea baada ya kulewa, au usiku, ndiko kunakoua. Hilo tunaomba ulisisitize kwa sauti yako mwenyewe. Mjini Bagamoyo avae kanga au dera akitoka uwanjani kwenda sokoni, ni mji wa dini na watu wake wanastahili heshima. Namba ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114, na Hospitali ya Wilaya ipo palepale mjini.

Mbu ndio hatari ya hakika zaidi. Mpe chandarua chenye dawa cha mtu mmoja, na mafuta ya kujipaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30. Jasho huyaondoa, ajipake tena kila baada ya saa nne. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, ya mbu hufuata. Asisahau mchana: mbu wa dengi huuma mchana, na mwaka 2019 dengi ilisambaa Dar es Salaam na Tanga pia. Malaria huhitaji angalau siku 7 kujitokeza. Homa ikimpata wiki moja hadi nne baada ya kurudi, apimwe siku hiyohiyo. Kabla ya majibu anywe paracetamol tu, wala si aspirini au ibuprofen, kwa kuwa kwenye dengi hizo huzidisha kutoka damu.

Tunataka kuandaa usiku mmoja mdogo, watu 150, ufukweni njia ya Pangani. Spika nne za wati 1,000, mbili kati yake za besi. Jenereta gani? Na mlio wa "mmm" kwenye spika unatoka wapi?
*Vijana, Tanga*

Jenereta ya kVA 10. Hesabu yake: spika kilowati 4, taa 1, friji ya vinywaji nusu, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) na kompyuta 0.3, jumla 5.8. Gawanyeni kwa 0.8, namba ya kawaida ya kugeuza kilowati kuwa kVA, kipimo cha ukubwa wa jenereta, mpate kVA 7.3, mwongeze robo na ushei ya akiba. Spika hazili wati zote kwa mfululizo, lakini kila pigo la besi linadai umeme wa ghafla. Jenereta ndogo huyumba, taa hufifia kufuata ngoma, na mwisho spika hujizima. Ya dizeli ya ukubwa huo itakula lita 2 hadi 3 kwa saa. Wekeni lita 40 na mjaze ikiwa imezimwa.

Iwekeni mita 50 mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi na mlio mbali na watu. Kwa umbali huo na ampia 15, waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 13 hivi, wa 4 hupoteza 8. Nunueni wa 4. Fungueni roli lote la ekstensheni, waya uliobaki umeviringishwa hupata moto hadi kuyeyuka. Swichi ya kinga ya miliampia 30 ni lazima mahali penye maji ya chumvi na miguu mitupu, na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiye afunge mfumo. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fimbo ya ethi, ile ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, ipigiliwe palipo na unyevu.

Mlio wa "mmm" hutokea pale mikisa na spika zinapopata umeme kutoka njia mbili tofauti zenye ethi mbili. Vyote vipate kutoka njia moja, nyaya za sauti ziwe za pini tatu, na zikikutana na za umeme zikatizane, zisitembee sambamba. Wapo wanaokata mguu wa ethi kwenye plagi ili mlio uishe. Msifanye hivyo kamwe: siku waya ukigusa bodi ya spika, mtu atakayeishika atakufa.

Vibali anzieni serikali ya mtaa na afisa utamaduni wa halmashauri, kisha polisi. Malalamiko ya kelele hufika NEMC, baraza la taifa la mazingira. Geuzeni spika zielekee baharini au mbali na nyumba. Na jambo tunaloliombea sana: fukwe za Pangani ni mahali kasa hutaga. Taa nyeupe huwapoteza watoto wa kasa, huzifuata wakadhani ni mwanga wa bahari. Ulizeni wanakijiji kama kuna viota karibu. Vikiwepo, hamisheni shughuli. Visipokuwepo, taa zote bado zitazame bara, na msiwashe moto mchangani. Vyoo viwe vitatu, vinne kama watu watalala.

Hema limerudi limejaa mchanga na zipu haiendi. Nitumie mafuta?
*Msomaji, Bunju*

Usitumie, mafuta hushika mchanga. Kung'uta hema likiwa kavu, kisha lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na zipu uipige mswaki kuukuu meno yakiwa wazi. Ikikauka, isugue kwa mshumaa au kipande cha sabuni ya mche. Kama kichwa cha zipu kimetanuka na hakifungi meno, kibane kidogo kwa koleo pande zote mbili. Anika kivulini, jua kali huozesha kitambaa, na usilikunje hadi mishono imekauka kabisa. Likikunjwa na unyevu, baada ya siku chache litaota ukungu na ule utando wa kuzuia mvua utaanza kubanduka.